Mtaa wa Mdomo Mtupu

Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, hamjambo. Naomba mniruhusu nisome, maana mkininyang'anya karatasi hii nitakaa chini papo hapo, na mchungaji ameshaniona nikijaribu kukaa chini tangu ibada ianze. Mimi ni mtu wa kuandika. Kila jioni naandika mambo ya siku, hata ya kipuuzi, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Lakini kusema mbele za watu, hapo Mungu alinipimia kwa kijiko kidogo.

Nimeombwa nishuhudie jinsi sisi wa mtaa wetu tulivyonyamazishwa, na jinsi tulivyopata kuimba tena. Sitamtaja mtu jina. Wengi wa habari hii mmo humu ndani, na nawaona wengine mmeshaanza kuangalia viatu vyenu. Msiogope. Hata mimi nimo.

Nianzie shuleni.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya wasichana nilipanda lori la mizigo hadi Itigi, nikalala kwa jamaa zetu pale, asubuhi nikapanda gari moshi kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nililia mpaka vumbi la makaa ya injini likaniingia machoni, ikawa sababu nzuri ya kuendelea kulia. Katika ukumbi wa shule ile palikuwa na picha ya Malkia ukutani, na kando yake chati kubwa ya do-re-mi. Mwalimu wetu wa kuimba, mama mwembamba wa Kizungu, alikuwa na fimbo ndefu ya kugongea chati. Akigonga mi, tunaimba mi. Akiruka hadi la, turuke naye. Siku ya kutupanga alituita mmoja mmoja. Mimi nikaimba, hakusikia. Akaniambia nirudie, hakusikia tena. Akanishika bega akanisimamisha katikati, kwenye sauti ya pili.

Wazee wangu, kwa wale ambao hamjawahi kuelezwa, sauti ni nne. Ya kwanza ndiyo inayobeba tuni, ile ambayo mtu akitoka kanisani anaondoka nayo mdomoni. Ya nne iko chini kabisa, ya wanaume, kama magogo yanayobeba paa la udongo la tembe. Ya tatu ni ya wanaume wanaoweza kupanda juu, na Jumapili wavulana wa shule ya jirani walikuja kutuletea hizo mbili. Ya pili iko katikati. Haipandi sana, haishuki sana, inazungukazunguka pale pale kama mwanamke anayetafuta sindano iliyoanguka. Hakuna mtu anayetoka kanisani akiimba sauti ya pili.

Ndugu zangu, nawaambia, ugumu wa sauti ya pili si kuijua. Ugumu ni kwamba jirani yako anaimba kitu kitamu kuliko chako. Unaanza vizuri, ukifika mstari wa pili unashtuka umo ndani ya sauti ya kwanza, na ulipitia wapi hujui. Wenzangu walikuwa wakipiga kelele, "Unavutwa! Kavutwa tena huyu!" Mwisho wakaniita Mvutwa, hata kwenye foleni ya uji.

Nilikuwa na rafiki mmoja wa sauti ya kwanza, msichana mwenye ulimi mkali na moyo mzuri. Akaniambia, "Njoo nyuma ya jiko. Nitakuimbia sikioni mpaka uzoee au ulie."

"Na nikilia?"

"Utalia kwa sauti ya pili."

Basi kila baada ya kuosha vyombo tulikwenda nyuma ya jiko. Mimi naelekea ukutani, kidole sikio moja, yeye anapiga sauti ya kwanza kwenye sikio la pili kama mtu anayeita ng'ombe. Nilivutwa, nikavutwa, nikavutwa. Halafu jioni moja sikuvutwa. Nilijisikia kama mtu aliyesimama mlangoni mwa zizi asubuhi, ng'ombe wote wanatoka wakimpita kushoto na kulia, naye yuko pale pale. Rafiki yangu akaacha kuimba, akanitazama, akasema, "Haya, Mvutwa amekufa. Tukale."

Nilifurahi sana. Ila kuna jambo ambalo sikuligundua. Kwa kuifungia sauti ya kwanza nje siku zote hizo, ilikataa kuingia tena. Niliijua kwa masikio. Mdomoni sikuwa nayo. Nikiwa peke yangu na kujaribu kuimba tuni, kilichotoka ni sauti ya pili.

Likizo ikafika, nikarudi nyumbani wakati wa kupura mtama.

Mnajua kwetu upande huu wa Misigiri jinsi tunavyopura. Masuke yameanikwa uwanjani, watu wamesimama safu mbili zinazoelekeana, fimbo zinapanda na kushuka, na bila wimbo fimbo zinagongana na watu wanaumizana vidole. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta. Bibi na mimi ni watani, ananiita mke mwenzake kwa sababu ya marehemu babu. Akanitazama na sketi yangu ya shule.

"Wewe mke mwenzangu, shule yote hiyo umetuletea sketi tu? Hata wimbo hakuna?"

"Upo mmoja, Bibi."

"Basi utoe. Au nao umefungiwa sandukuni?"

Niliinamisha kichwa, nikauimba nikiutazama mtama. Ulikuwa wimbo mpya, shuleni wenyewe tulikuwa tumeupata karibuni. Unaanza, "Nchi yetu ilikauka, Bwana ukaikumbuka." Nikaimba nilichokuwa nacho. Nilijua kuna sauti nyingine juu yake, lakini nani angeileta pale uwanjani? Ukienda kwa mtu na mboga tu, unampa mboga, huwezi kusimama mlangoni kumweleza habari za ugali uliobaki kwenu.

Wakaushika siku hiyo hiyo. Ile sauti inayozunguka pale pale ilikaa kwenye fimbo kama imezaliwa nazo. Mjomba wangu, mtu mnene anayechoka haraka, akasema, "Huu wimbo haunipandishi mlima. Naupenda." Wanawake wakaubeba kisimani, watoto wakaubeba machungani. Jumapili mwinjilisti wetu alitukuta tunauimba nje ya kanisa letu la tembe. Akafungua kitabu chake cha nyimbo, kile cha maneno peke yake, akafuata kwa kidole, macho yakamtoka.

"Kumbe ndiyo tuni yake! Mimi wimbo huu nilikuwa nausoma tu kama zaburi. Ndivyo unavyoimbwa huko shuleni?"

"Ndiyo, Mwinjilisti," nikasema. Na kweli ndivyo nilivyokuwa nikiuimba.

Alifurahi kuliko sisi sote, kwa sababu alikuwa ametoka kupata habari kutoka hapa usharikani, kwenye kanisa kubwa la mitaa yetu yote. Wimbo uliochaguliwa kwa sikukuu ya mavuno ulikuwa huo huo, na kila mtaa ulitakiwa uje umejifunza. Akasema, "Mwaka huu watatutambua." Ndugu zangu, walitutambua.

Siku ya mavuno tulifika hapa tukiwa tumevaa vizuri, mitungi na vikapu vya mtama vichwani, bibi yangu mbele na fimbo yake ya kutembelea. Kanisa hili lilikuwa bado la nyasi. Mwalimu wa kwaya akainua mkono, mitaa yote ikaanza kuimba, nasi tukaanza. Wenzetu wote walikuwa kwenye tuni. Mtaa wetu mzima, wanaume kwa wanawake, tulikuwa kwenye sauti ya pili, na tuliijua vizuri mno.

Watu walianza kugeuka. Dada mmoja wa kwaya, mwenye sauti inayofika hadi Kiomboi, akasema bila hata kunong'ona, "Hawa wanaimba wimbo gani? Wa kufukuza ndege?" Mwingine akajibu, "Wa kuzika." Watu wakacheka. Na sisi, kwa kuona wenzetu hawafuati kile tunachokijua, tukaongeza nguvu. Bibi akanigusa kwa kiwiko, akasema, "Wamepotea hawa. Tuwasaidie." Basi tukawasaidia. Mjomba aliwasaidia mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo. Niwe mkweli, hakuwa mtu mbaya hata siku ile. Wakati huo alikuwa na karatasi ya tuni peke yake, sauti nyingine alikuwa hajazipata. Alichosikia yeye ni mtaa mmoja unaoharibu.

"Nani amewafundisha hivyo?"

Mwinjilisti wetu, kwa fahari yote, akaninyooshea mkono. "Huyu hapa binti yetu. Yuko sekondari."

Kanisa zima likanitazama. Nilikuwa na maneno. Yalikuwa machache na yalikuwa ya kweli: Mwalimu, hiyo ni sauti ya pili. Yalifika hapa kooni, yakakaa. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mwalimu akangoja, halafu akageuka kwa watu wetu, akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Mtaa wenu leo fungueni mdomo tu. Sauti mtuachie sisi."

Na watu wetu wakatii. Wazee wenye mvi, mama zangu walionibeba mgongoni, wakasimama wakifungua na kufunga midomo kama samaki. Bibi hakufungua. Aliutazama mtama wake pale madhabahuni mpaka ibada ikaisha.

Njiani kurudi hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Baada ya hapo mnadani, kisimani, kila mahali, tukawa na jina jipya. "Habari zenu, Mtaa wa Mdomo Mtupu?" Watoto wa mitaa mingine wakikutana na wetu walikuwa wanafungua midomo bila kutoa neno, basi, wanakimbia wakicheka. Nadhani wengine wa watoto hao wamekaa safu ile pale. Ndiyo, nyinyi.

Nilirudi shuleni na sauti yangu ikakauka. Sikuamua, ilikauka tu. Nilisimama mahali pangu katikati, nikafungua mdomo, na hakuna aliyesikia tofauti, isipokuwa rafiki yangu wa nyuma ya jiko. Akaniuliza, "Uko wapi siku hizi? Nikiimba naona upande wako pana shimo." Nikamwambia kifua kinaniuma. Hakuniamini, lakini hakunisukuma. Niliandika siku hiyo kwamba pengine kuna watu Mungu aliwaumba wawe wa kusikiliza, na mimi ni mmoja wao. Niliandika vizuri sana, kwa mwandiko wa kupendeza. Mtu akikata tamaa huwa anaandika vizuri.

Kilichonivunja ni likizo ya mavuno ya mwaka uliofuata. Nilishuka kwenye lori, nikakata njia ya miguu kupita kwenye yale majabali, na kabla sijaona nyumba nikasikia kupura. Fimbo. Fimbo peke yake. Kah, kah, kah, zikipishana vibaya, na mtu akilalamika kidole. Nilisimama pale juu ya mawe na sanduku langu kichwani, nikangoja wimbo. Haukuja. Watu wangu walikuwa wanapura mtama kimya kama wafungwa.

Nikamkuta bibi ndani, mchana kweupe. Akaniambia, "Mke mwenzangu, mimi kanisani hapa kwetu nakwenda. Kule kwa wakubwa sirudi tena. Mungu ananisikia nikiwa kimya, basi nitakuwa kimya karibu na nyumbani."

Ikanijia kwamba kama bibi hatarudi, hakuna atakayerudi. Na kanisa hili jipya la bati lilikuwa karibu kukamilika, mitaa yote ilikuwa inaitwa kuja kuliweka wakfu, na sisi tungekuwa watu wa pembeni katika nyumba ambayo hata sisi tulibeba mawe yake. Kwa hiyo nikaona dawa ni moja. Nitawafundisha tuni ya kwanza, nitawaondoa kwenye ya pili, na jambo litasahaulika.

Mama zangu, mmewahi kujaribu kumwondoa kuku kwenye mayai? Mwinjilisti aliwakusanya watu kwa ajili yangu. Nilikuwa nimehangaika mpaka ile sauti ya kwanza ikakubali kutoka mdomoni mwangu, nyembamba, inatetemeka. Wakanifuata mstari mmoja. Mstari wa pili wote wakateleza wakarudi kwao. Tukaanza upya, wakateleza. Mjomba akafuta jasho. "Mwanangu, huu sasa ndio ule wa mlima. Kwa nini tuuache ule wa kwetu?"

"Kwa sababu ndio wanaoimba wote, Mjomba."

"Basi si wauimbe."

Na bibi, aliyekuwa amekaa mlangoni akijifanya hasikii, akasema, "Wimbo nimeshaumeza. Unataka niutapike?"

Nikashindwa. Niliandika jioni ile neno moja tu, nimeshindwa, na safari hii kwa mwandiko mbaya.

Hata hivyo mazoezi ya kuweka wakfu yalipoitishwa, mwinjilisti alikwenda kwa bibi mwenyewe. Sijui waliongea nini. Nilichosikia nikipita ni bibi akisema, "Nitakwenda kuangalia bati. Kuimba hapana." Basi tukaja, watu wetu wote nyuma yake, tukakaa kwenye mabenchi ya mwisho kabisa. Mwalimu wa kwaya akatukaribisha vizuri, halafu akasema kwamba kwa sababu wageni watakuja kutoka mbali, na bwana shauri wa wilaya naye amealikwa, mtaa wetu uendelee na utaratibu wa siku ile. Mdomo tu. Watu wakaficha kicheko kwa kukohoa.

Sasa mwalimu alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya walimu wa kwaya, na amerudi na sauti zote nne. Alikuwa ameipanga kwaya yake kwa sauti hizo. Sauti ya kwanza ilikuwa tayari, na yule dada wa Kiomboi yumo. Ya nne wanaume walikuwa wananguruma vizuri. Ya tatu, tuseme walikuwa wanajitahidi. Lakini sauti ya pili! Mabinti wanne wazuri, wanaanza sawa, wakifika mstari wa pili wanavutwa. Anasimamisha. "Mmevutwa." Wanaanza. "Mmevutwa tena." Nilijua kila mahali wanapoteleza, kama mtu anayemwona mwingine akitembea kwenye mawe aliyokwisha kuangukia yeye. Binti mmoja alikuwa anakaribia kulia. Mwalimu naye jasho linamtoka, akasema, "Labda tuiache ya pili. Tutaimba tatu."

Wakaanza tena, mara ya mwisho, na safari hii sauti ya pili haikuanguka. Ilitetemeka kwenye mstari wa pili, ikasimama. Mwalimu akainua uso. Kulikuwa na kitu kinaishika kutoka nyuma, chini chini, kikavu kama majani. Nikageuka. Bibi yangu alikuwa amefumba macho, mikono juu ya fimbo, na wimbo unamtoka. Hata sidhani alijua.

Mwalimu akapiga makofi, pa! "Nani huyo?"

Akatazama mabenchi ya nyuma.

"Nimesema mtaa ule mfungue mdomo tu."

Bibi akafumbua macho. "Nimeufungua, mwanangu. Ukishafunguka, kitokacho nitakizuiaje?"

Watu wakacheka, lakini mwalimu alikuwa amechoka. Akasema, "Mama, nakuheshimu. Lakini siku zimekwisha na wageni wanakuja. Nakuomba upumzike nje kivulini mpaka tumalize."

Bibi akashika fimbo yake. Akaanza kuinuka, polepole, kama wazee wanavyoinuka, na watu wetu wote wakaanza kuinuka naye. Niliona kwamba wakitoka kwenye mlango ule hawatarudi. Hawatarudi kabisa. Nikasikia mtu anasema, "Asitoke."

Kumbe nilikuwa mimi. Ndugu zangu, neno la kwanza nililowahi kusema kwa nguvu ndani ya nyumba hii ni hilo. Nilikuwa nimesimama, miguu yangu haikuniuliza. Kanisa zima likageuka kama siku ile, na yale maneno yakafika kooni kama siku ile. Na kwa kutojua nianzie wapi, nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lakini si umeniamkia asubuhi?"

Wakacheka tena. Na mnajua, kile kicheko kilinisaidia, kilikuwa kama mtu kukusukuma mtoni. Umeshalowa, unaogopa nini tena? Nikasema, "Mwalimu, bibi hajakosea. Hiyo ni sauti ya pili. Mtaa wetu wote tunaimba sauti ya pili, tangu siku ile ya mavuno. Ndiyo niliyowafundisha, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo."

Mwalimu alinitazama, akatazama karatasi yake. Akashuka, akaja hadi nyuma kabisa, akasimama mbele ya bibi. "Mama, tafadhali. Uimbe peke yako."

"Sasa unataka au hutaki?"

"Nataka, Mama."

Bibi akakaa, akaimba. Mwalimu akafuata kwa kidole kwenye karatasi, mstari wa kwanza, mstari wa pili, ule wa kuteleza, kidole hakikusimama mahali. Kilipofika mwisho aliacha kidole pale pale. Akainua macho kwa bibi.

"Mama, nani mwingine anaujua hivi?"

"Mtaa mzima," bibi akasema. "Na mbuzi wetu."

Akatusimamisha wote, akatuleta mbele, akawaweka wale mabinti wanne katikati yetu. Wanaume wetu akataka kuwahamishia sauti ya nne. Mjomba akagoma. "Mwalimu, mimi Mkristo. Nimeshaoa wimbo mmoja, unaniozesha mwingine?" Mwalimu akacheka mpaka akashika benchi, na nikajua tumepona. (Mjomba alihamia sauti ya nne wiki iliyofuata. Anasema ina kivuli.)

Mwalimu akainua mkono. Yule dada wa Kiomboi akaanza, na wenzake, kwa nguvu zote walizonazo, na sauti ile ikatujia kama ng'ombe wanaotoka zizini. Nikakaza macho, nikingoja watu wangu wavutwe. Hawakuvutwa. Hakuna hata mmoja aliyevutwa. Wangevutwa kwenda wapi? Mimi nilijifunza kusimama pale kwa kidole sikioni na ukuta usoni, lakini wao walikuwa wamepura mtama humo, wameteka maji humo. Kwao pale ndipo nyumbani. Wale mabinti wanne wakatuegemea wakasimama. Ya tatu ikaja, ya nne ikaja kutoka chini, bati jipya likaanza kunguruma, na mimi, ambaye nilikuwa sijaitoa sauti yangu ya pili tangu mwaka uliopita, nikajisikia ninaimba. Na kwa mara ya kwanza sikuziba sikio. Niliisikia ya kwanza yote, nikaona ni nzuri, nikabaki kwangu.

Tulipomaliza nikageukia upande wa bibi. Bibi alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anatazama safu hii na safu ile, kama mtu aliyeingiliwa na wageni wengi kwa wakati mmoja. Halafu akaniambia, "Kumbe wimbo wetu ulikuwa na ndugu zake. Mbona hukusema?"

Mbona sikusema. Wazee wangu, swali hilo ndilo ushuhuda wangu.

Siku ya kuweka wakfu mliiona wenyewe, sina haja ya kuieleza. Labda niseme tu kwamba bwana shauri alimwuliza mchungaji sauti ile ya katikati mmeitoa wapi, na mchungaji akaonyesha upande wetu, na mjomba akainama kana kwamba ameulizwa yeye.

Nashukuru. Namshukuru rafiki yangu wa nyuma ya jiko, ambaye yuko mbali na hatasikia. Namshukuru mwinjilisti wetu, aliyenionyesha kwa fahari siku ya aibu na hakuurudisha mkono wake. Namshukuru mwalimu wa kwaya. Jumapili moja alitembea kwa miguu hadi kwenye kanisa letu la tembe, akakaa kwenye benchi la udongo, akasema mbele ya watu wote, "Niliwafunga sauti kwa sababu sikuwa na masikio ya kutosha. Nisameheni." Akapewa uji na karanga, na bibi akamwambia ale vizuri, masikio yanaota kwa chakula. Namshukuru hata yule dada wa Kiomboi. Anatabasamu pale. Ndiye anayenifundisha sasa kuimba sauti ya kwanza, na ananiambia kila siku, "Unavutwa chini wewe!"

Fundisho langu ni dogo, kama mimi. Ukiwa na neno la kweli kooni, liseme likiwa bado dogo. Usingoje hadi bibi yako ashike fimbo ya kuondoka. Na wewe unayemsikia mwenzako akiimba tofauti na wewe, kabla hujamwambia afunge sauti, mwulize kwanza ameshika sauti ya ngapi.

Nikirudi nyumbani sasa nasikia kupura kabla sijafika kwenye majabali. Sauti za wanawake ziko juu ya mlio wa fimbo na za wanaume chini yake, na watoto wameanza kugombea ya tatu.

Karatasi imekwisha, na bado nimesimama. Mwalimu ameniomba nianzishe wimbo wenyewe. Sauti ya kwanza, ya tatu, ya nne, jiandaeni. Bibi, usiinuke, imba hapo hapo ulipokaa. Na mtaa wetu, mlioko hapa mbele, naomba mfungue mdomo.

Safari hii, na sauti.